Bafta ya Mzee Kombo

Kandambili ilikataa kutoka mguuni. Mzee Kombo alikuwa amefika msikitini kwa adhuhuri, ameshika ukuta kwa mkono mmoja kama alivyofanya kila siku kwa sababu ya tumbo lake kubwa. Akautingisha mguu wa kulia ili kandambili idondoke, isidondoke. Akautingisha tena, wapi! Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake akisubiri kutawadha akainama amsaidie, akaivuta, kisha akaiachia ghafla na kurudi nyuma.

"Mzee, una msumari!"

Msumari wa inchi mbili, jamani. Ulikuwa umepita kwenye mpira wa kandambili ukaingia kisiginoni mpaka kichwa. Na Kombo alikuwa ametembea nao tangu asubuhi: kafungua duka, kapanda kwenye stuli kushusha majora ya vitenge, kashuka, kaenda kunywa chai, karudi. Hakusikia chochote. Walipouchomoa damu ikamwagika sakafuni, watu wakasonya kwa uchungu, wengine wakafumba macho, na mwenye mguu akawa anawatazama tu, maana hata huko kuchomolewa hakukusikia. Hapo ndipo mwili ulipomsisimka kwa hofu.

Huyu Kombo alikuwa na duka la khanga, vitenge na bafta karibu na soko la Singida mjini. Alilifungua miaka ile watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, baada ya taabu ndefu ya kupanga foleni kwa kipande cha nguo. Duka lilivyojaa majora, na tumbo likajaa. Mkewe, Mwantum, alilitazama tumbo lile kwa fahari. Mume akinenepa, anayesifiwa si mke? Kwa hiyo alipika, na Kombo alikula, na wote wawili waliona mambo yanakwenda vizuri.

Alasiri ile ile Kombo akaenda kwenye zahanati ya Daktari Alute, kijana wa Kinyaturu kutoka upande wa Ikungi, mwenye maneno machache. Alute akaulizia msumari kidogo tu, halafu akataka mkojo. Akauchanganya na dawa ya buluu ndani ya kichupa, akauchemsha juu ya moto wa spiriti. Buluu ikageuka kijani, kijani ikageuka njano, na mwisho kichupa kizima kikawa chekundu kama tofali.

"Sukari," Alute akasema. "Tena imekaa siku nyingi."

Kombo alilijua neno hilo. Kaka yake mkubwa, Abdulhamidi wa Manyoni, alikatwa mguu mmoja kwa sukari, halafu wa pili, halafu akazikwa. Na kabla ya miguu, wenye midomo yao walikuwa wakinong'ona kwamba kwa mkewe naye si mume tena. Walinong'ona hadi kwenye matanga yake, hawakuona haya.

"Mzee wangu, nisikilize," Alute akasema. "Kwanza, sukari na asali basi, na chakula upunguze. Pili, ufanye mazoezi kila siku, kila siku mpaka unakufa, siyo wiki mbili unaacha. Tafuta zoezi unaloliweza na linalokufaa. Tatu, miguu yako imekufa ganzi na nyayo zako huzioni kwa sababu ya tumbo. Mwambie mama nyumbani akukague nyayo kila jioni, katikati ya vidole na chini. Kidonda kikianza wewe hutajua. Ukifanya mawili ukaacha la tatu, tutakukata mguu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Alielewa, ndiyo. Ila alipofika nyumbani na Mwantum akamuuliza daktari amesemaje, mtu mzima na akili zake akajibu, "Amesema nipunguze mwili, basi." Neno sukari alishindwa kulitoa. Aliona likitoka tu, mkewe atamtazama kama watu walivyomtazama Abdulhamidi. Akanyamaza, akavaa soksi, na tangu siku hiyo akawa halali bila soksi, akisingizia baridi ya Singida, na hata kutawadha akawa anapaka maji juu ya soksi.

Mazoezi yakaanza kwa kukimbia. Alinunua mnadani suti ya michezo ya mitumba, nyekundu yenye mistari mieupe, na raba. Asubuhi baada ya swala ya alfajiri akashika njia ya kando ya ziwa Kindai, tumbo mbele, pumzi nyuma. Hakufika mbali. Mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja akamwona mtu anakuja mbio kwenye ukungu, akatupa fagio na kupiga yowe, "Mwizi! Mwizi huyoo!" Watu wakatoka na fimbo. Jiwe la kwanza likampata begani. Kombo akazidi kukimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo alivyozidi kuwa mwizi, mpaka miguu ikagoma akaanguka kwenye majani, akafunika kichwa.

"Ngojeni!" mmoja akasema, fimbo iko juu. "Mwizi gani mwenye tumbo namna hii? Si Mzee Kombo wa duka la khanga huyu?"

Wakamwinua, wakampangusa vumbi, wakampa shikamoo zake zote. "Sasa baba, ulikuwa unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Nakimbia tu."

Wakatazamana. Yule mama wa fagio akasema polepole, "Maskini," akaenda kumletea maji.

Alute alipoona malengelenge aliyoyapata na hakuyasikia, alifoka. "Nani alikwambia ukimbie na miguu hii? Nilisema linalokufaa!" Kombo akajaribu kutembea. Lakini utatembeaje Singida mjini huna kikapu, huna jembe, huendi kwa mgonjwa? Kila hatua tano mtu, na kila mtu salamu, na baada ya salamu swali: "Unaelekea wapi, mzee?" Akijibu haelekei popote, wanamfuata kwa macho. Mwenye baiskeli akasimama akamlazimisha kupanda. Siku ya nne ujumbe ukamfikia Mwantum kwamba mumewe anazurura, amtazame vizuri. Akajaribu kuruka kamba kwenye stoo ya duka. Mruko wa tatu, rafu ikamwangukia na majora yake.

Basi akakata tamaa. Wiki mbili akakaa kitako nyuma ya kaunta, akiwaza mguu upi utatangulia.

Jumamosi moja bintiye Maryam, aliyekuwa na mtihani, akamwomba amsaidie kufuata mafuta ya alizeti kule Mandewa, kwa mjane mmoja aitwaye Elina, mwenyeji wa Mtinko. Elina alikuwa na mashine ya mkono ya kukamulia: bomba la chuma lililolazwa juu ya gogo, lenye mkono mrefu wa chuma. Mkono ukiushusha kwa nguvu, alizeti inabanwa humo ndani, mafuta yanachuruzika kwenye sufuria na mashudu yanatoka makavu. Kombo alimkuta Elina ameketi amejiinamia. Manase, kijana wake wa kuvuta mkono, alikuwa amehamia kwenye mashine ya umeme mjini.

"Mafuta hakuna, mzee," Elina akasema. "Labda uvute mwenyewe." Alisema kwa utani. Mtu wa heshima zake, na kofia iliyodariziwa kichwani!

Kombo akavua kofia, akashika chuma. Mara ya kwanza ilimgomea. Mara ya pili akaweka tumbo juu yake, na kwa mara ya kwanza tumbo lile likafanya kazi ya maana. Mafuta yakatoka. Akainua, akashusha, na midomo yenyewe ikaanza kuhesabu alichozoea kuhesabu baada ya swala: Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillahi thelathini na tatu, Allahu Akbar thelathini na nne. Mia kamili. Shati lilikuwa limelowa na moyo unagonga, lakini sufuria lilikuwa na mafuta, na hakuna aliyemuuliza anaelekea wapi. Jioni alilala kama mtoto.

Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. "Hapo umepata," Alute akamwambia. "Umesimama pahali pamoja, miguu haisuguliwi, mwili wote unafanya kazi. Vaa viatu vya kufunika, usiache hata siku moja." Na Kombo hakuacha. Kila asubuhi mivuto mia, baadaye mia mbili, baadaye mia tatu. Elina alimzoea. Akisikia sauti inahamia kwenye Allahu Akbar alijua mzee anakaribia kumaliza, anamsogezea maji. Akienda kanisani Jumapili alimwachia ufunguo wa lango. Malipo Kombo hakutaka, alichukua chupa ya mafuta tu. Mwezi wa nne wa mazoezi suruali zikawa zinamvuka, na mkojo kwenye kichupa ukabaki buluu. Kombo alimkumbatia daktari mpaka Alute akaona haya.

Ila kuna mambo alikuwa hayaoni. Wateja walianza kumsalimia kwa sauti ya chini. Msikitini watu walimsogelea kidogo kisha wakasita. Mwantum naye alikuwa mpole kupita kiasi, hamkaripii tena kwa lolote, na kila asubuhi na jioni anamwekea kikombe kikubwa cha uji wa uwele wenye ukwaju. Kombo aliuona mtamu ajabu. Akajiambia, mtu akiacha sukari kwenye chai ulimi unapata akili, hata uji mtupu unakolea. Alijisifu kwa hilo, mwenzenu.

Miezi miwili baadaye akarudi kwa Alute, anatabasamu, ametoa mkojo wake kwa madaha. Kichupa kikachemka. Kijani. Njano. Tofali.

Tabasamu likamganda usoni. "Rudia, daktari."

Alute akarudia. Tofali.

"Unakula nini?" Alute akauliza kwa hasira. "Usinidanganye!"

"Wallahi sili kitu! Na mivuto mia tatu kila siku, muulize Elina!"

"Mzee, mkojo haumsingizii mtu. Mama anakukagua miguu?"

"Ananikagua," Kombo akasema, na akatoka haraka.

Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo hakuwahi kuwepo. Mwantum alikuwa uani, hakumwona akiingia. Kombo amelowa jasho la hofu, akaingia chumbani abadili fulana, akafungua sanduku la mkewe, maana fulana zilizofuliwa Mwantum huziweka humo juu juu. Akatoa moja. Chini yake akaona bafta nyeupe.

Mfanyabiashara wa nguo haitazami nguo, anaisoma. Hii ilikuwa bafta ya dukani kwake, jora lililofika mwezi uliopita. Imekatwa mapande matatu, na ukingo una kijipindo kidogo kila baada ya shubiri, kwa sababu mkasi wake wa dukani una pengo. Pembeni kulikuwa na pamba, na kafuri, na kichupa cha marashi. Akaipima kwa mkono, bila kutaka, kama anavyowapimia waliofiwa. Ilikuwa urefu wa mtu wa kimo chake.

Lahaula! Akakaa kitandani na bafta mapajani. Hivi ndivyo Mwantum alivyomkuta, naye Mwantum ameshika kikombe cha uji kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili chupa ya asali anayokuja kuificha.

Wakatazamana.

"Mama Maryam," Kombo akasema. "Hii ni ya nani?"

Mwantum akaweka kikombe chini. Akajaribu kusema, machozi yakamtangulia. "Nilitaka iwepo tu, Baba Maryam. Nisije nikahangaika siku hiyo, watu wamejaa. Nimeikata mwenyewe dukani ulipokuwa umeenda kuswali."

"Siku ipi?"

"Usinifiche tena. Mji mzima unajua. Stumai jirani aliniambia, miezi miwili sasa." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Umekonda, kila alfajiri unakwenda kwa yule mjane, na mume wake alikuwa dereva wa malori na alikufa amekonda hivyo hivyo. Wanasema umekanyaga miwaya. Sikukuuliza. Nilisema huyu ni mume wangu, nitamuuguza mpaka mwisho. Na nilishakusamehe."

Ukimwi! Miaka ile mtu akikonda hapakuwa na ugonjwa mwingine. Kombo akazikumbuka salamu zote za sauti ya chini, akawakumbuka watu wakimsogelea na kusita. Yeye anajivunia suruali kumvuka, kumbe mji unamzika taratibu, na mkewe analala pembeni yake juu ya sanda.

"Sukari," akasema. Lilitoka lenyewe, tena kwa kelele. "Nina sukari, Mwantum! Kama Abdulhamidi! Kule kwa Elina navuta mashine, ni mazoezi, daktari ndiye aliyesema! Niliona aibu kukwambia, nikaona utaniona si mwanamume!"

Mwantum alikuwa anaitazama chupa ya asali mkononi mwake, asali ya nyuki ya Manyoni, nzito, imebaki robo.

"Sukari," akarudia. "Na mimi nakutilia asali kwenye uji. Vijiko vitano, asubuhi na jioni, unenepe watu wanyamaze. Ukwaju naweka usijue." Akapiga kelele, "Miezi miwili, Kombo! Ningekuua kwa mkono wangu! Kwa nini hukuniambia?"

Kombo akainama.

"Daktari alisema nini kingine?" Mwantum akauliza. Sasa aliuliza kama askari. "Sema yote."

"Alisema... alisema unikague nyayo. Kila jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya msumari."

Mwantum akapiga magoti palepale sakafuni. Akavua kiatu cha kulia, akavuta soksi. Soksi ilikuwa imegandana na ngozi, ikaja na harufu. Kombo hakuweza kuona unyayo wake, na hakusikia maumivu yoyote, hata kidogo. Alichoona ni uso wa mkewe. Aliuona ukibadilika, macho yakipanuka, mkono ukienda mdomoni, na kwa uso ule akajua kila kitu kilichokuwa chini ya mguu wake.

"Maryam!" Mwantum akaita. "Maryam! Tafuta gari!"

Walimkata vidole viwili, kile kidogo na cha jirani yake. Alute alisema wiki moja zaidi ungekuwa mguu, na hakusema zaidi ya hapo kwa sababu Mwantum alikuwa amesimama mlangoni, na uso wa Mwantum siku ile haukutaka maneno. Stumai alipokuja kumpa pole mgonjwa, macho yanatafuta ya kwenda kusimulia, Mwantum alimfunulia mguu wazi. "Sukari hiyo, shoga. Tazama vizuri, kisha uwaambie wote uliowaambia lile la kwanza." Stumai hakunywa hata chai.

Kidonda kilipoanza kukauka, Kombo akataka kurudi Mandewa. Mwantum akaenda naye, ameshika debe lake la alizeti kichwani, akapita naye katikati ya soko waonekane. Lango la Elina lilikuwa wazi na uwanja mtupu. Miezi yote ile wateja walikuwa wanapungua, eti mafuta yake yana ugonjwa.

"Nilijua wanasema," Elina akasema. "Nikadhani mzee anajua na hajali, nikamheshimu kwa hilo. Na hata ingekuwa kweli, mafuta yana kosa gani?"

Mwantum akaona haya mpaka akatazama chini. "Nisamehe, dada," akasema. "Nikamulie debe langu." Elina akaleta stuli, wakamkalisha Kombo, mguu uliofungwa wakauweka juu ya gunia la mashudu, akashika chuma akiwa amekaa. Alifika kumi na saba akachoka. Mwantum akaushika mkono wa mashine akaendelea na hesabu pale alipoachia mumewe, na watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama wakashangaa.

Kila jioni akawa anamkagua nyayo. Anawasha taa, anapakata mguu, anaosha, anapanguza katikati ya vidole vilivyobaki, kisha anafungua lile sanduku, anachana utepe wa bafta na kumfunga. Bafta ya kufungia ilikuwepo nyingine dukani, lakini Mwantum hakuitaka. Alichana ile ile. Kombo alikuwa anaisikia ikichanika, raa, raa.

Jioni moja Mwantum akaingiza mkono sandukuni, akapapasa, akautoa mtupu.

"Imekwisha," akasema.

Kombo akamtazama. Akalitazama sanduku, akautazama mguu wake ulio mapajani mwa mkewe, ngozi mpya imeota pale palipokuwa na vidole. Mwantum naye akawa anacheka na kulia kwa pamoja, kashika mguu ule kwa mikono miwili.

"Lala sasa," akamwambia mwishowe. "Kesho una mia tatu."